Mkwaruzo Uliouawa Mara Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi, Sumbawanga mjini, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, kuanzia saa nne asubuhi.

Jina: Mwasiti Abdulnasir
Umri: Miaka 26
Kabila: Mmanyema
Dini: Mwislamu
Kazi: Mwalimu wa kujitolea, somo la Kemia, shule ya sekondari
Makazi: Izia, Sumbawanga

Niliyeandikwa jina hapo juu ni mimi. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo Hellena, anayeandika maelezo haya, amenieleza kwamba nitakachosema kinaweza kusomwa mahakamani mbele yangu na mbele ya watu wengine, na kwamba nikidanganya nitashtakiwa. Nimeelewa yote mawili.

Nazungumza juu ya Flavian, fundi rangi wa magari, aliyekamatwa jana Jumapili. Anatuhumiwa kwamba Alhamisi tarehe 12 Juni, kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni, alimgonga mwendesha baiskeli kwenye barabara ya Laela, nje kidogo ya mji, kisha hakusimama. Aliyegongwa anaitwa Yonas, mkulima wa Laela. Alifariki Jumamosi hospitalini. Sikupata kumfahamu. Waliokuwa shambani ng'ambo ya barabara walisema waliona gari jeupe la zamani, na kwenye baiskeli kulikutwa rangi nyeupe. Gari linalosemwa ni la marehemu baba yangu, na Flavian ndiye aliyekuwa akilifanyia kazi wiki hiyo.

Gari hilo ni Pijo 404, nyeupe. Babu yangu alilinunua likiwa jipya, wakati alipokuwa akileta dagaa kutoka Kipili. Baba alilirithi na kulitunza. Alikuwa akilitoa Ijumaa tu, kwenda msikitini na kurudi, na siku nyingine lilikaa uani chini ya banda la bati, limefunikwa turubai. Weupe wake si weupe tena. Jua limeufanya uwe kama maziwa yaliyokaa.

Baba alifariki mwezi wa Machi mwaka huu, katikati ya Ramadhani. Mama alitangulia nikiwa kidato cha pili. Sina ndugu niliyezaliwa naye. Tangu Machi naishi peke yangu katika nyumba hiyo, yenye vyumba vinne. Mdogo wa baba, mzee Abuu, ambaye ana duka na malori hapa mjini, ndiye msimamizi wa mali. Shule ikiwa wazi, nazungumza mchana kutwa. Shule ilifungwa mwanzoni mwa Juni. Zipo siku ambazo nilimaliza bila kusema neno na mtu, na jioni nikaenda dukani kununua mkate nisiouhitaji. Koplo ameuliza hilo linahusiana vipi na kesi. Nimemwomba aliandike, nitalifikia.

Naanza na mkwaruzo wa gari hilo, ambao Flavian anadaiwa kuuficha kwa rangi. Ulikuwa kwenye madigadi ya mbele, upande wa kushoto, juu ya taa. Urefu wake ulikuwa kama kidole changu cha shahada, mwembamba, umefika kwenye chuma. Hakuna baiskeli iliyouchora. Uliingia siku ya maziko ya baba.

Njia ya kutoka uani kwetu ni nyembamba, na siku ile gari halikusogezwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka ufunguo uliko. Wanaume walipotoka na jeneza, walipita kati ya gari na ukuta. Mimi nilikuwa dirishani, kwa kuwa wanawake hatuendi makaburini. Jeneza la msikiti ni la chuma. Mshikio wake mmoja ulikwaruza madigadi. Nilisikia sauti fupi, kama mtu anayechana kitambaa, na wao hawakuisikia, walikuwa wakisoma kwa sauti. Baba alitoka nyumbani kwa sauti ile. Sikumwambia mtu.

Baada ya Idi ya kuchinja, baba mdogo alikuja na kusema amepata mnunuzi wa Mbeya anayekusanya magari ya zamani, na atakuja kulichukua Jumamosi tarehe 14. Alizunguka gari, akauona mkwaruzo, akagonga ulimi kwa masikitiko.

"Watoto wa jirani hao," akasema. "Wamepitisha msumari. Si nilisema geti lifungwe?"

Sikumsahihisha. Alisema ataleta fundi auondoe, kwa sababu mnunuzi yule anaangalia kila kitu kwa tochi.

Jumatatu tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, baba mdogo alimleta Flavian. Ni mtu wa miaka kama thelathini na tatu, mzaliwa wa Kaoze, ana karakana yake ndogo njia ya kwenda Laela. Baba mdogo alimwonyesha mkwaruzo, akamwambia iwe kazi ya siku mbili isizidi, akaondoka. Kabla hajafungua mkoba wake, Flavian alisimama mbele ya gari akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akaliambia gari. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye mlango wa jiko. "Mwalimu, hili limezaliwa kabla ya mama yangu. Siwezi kulishika bila kuliamkia."

Nikaitikia "Marahaba" kwa niaba ya gari. Lilikuwa neno langu la kwanza siku ile.

Naeleza kazi ilivyofanyika kwa sababu wakati ndio unaoulizwa. Mkwaruzo mdogo wa namna hiyo haupigwi rangi kwa pampu. Fundi anausugua kwa msasa wa maji mpaka kingo zilainike, anaziba chuma kwa rangi ya chini, kisha anadondosha rangi yenyewe ndani yake kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, tone kwa tone. Kila safu isubiri ikauke. Mwisho anasugua tena mpaka paliporekebishwa na pasiporekebishwa pawe kitu kimoja. Kazi ngumu ni rangi kufanana. Flavian alichanganya nyeupe na njano kidogo na tone la nyeusi, akapaka juu ya kipande cha bati, akakiweka kando ya madigadi, akakataa, akachanganya tena. Nilimletea bomba la sindano la maabara apimie njano. Alicheka, lakini alilitumia.

Jambo jingine ni vumbi. Mwezi wa Juni upepo wa huku juu huanza mchana na kuzoa vumbi lote la mtaa. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi, kazi imeharibika. Kwa hiyo uwanja hulowanishwa maji. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nimeambiwa kwamba jirani aliona uwanja wetu umelowa Alhamisi na kudhani tulikuwa tunaosha kitu. Nililowanisha uwanja siku zote nne.

Siku hiyo ya kwanza ndipo nilipolisikia neno ambalo limeleta shida yote. Nilimuuliza Flavian kama mkwaruzo utatengenezeka. Akasema mafundi rangi hawatengenezi mkwaruzo.

"Mkwaruzo tunauua," akasema. "Ukiutengeneza si utakuwa mkwaruzo mzuri zaidi?"

Baadaye nilimsikia akizungumza kwenye simu na mteja mwingine: "Wa kwako niliuua wiki iliyopita, njoo uchukue gari." Ndiyo lugha yao.

Jumanne tarehe 10, saa kumi jioni, kazi ilikuwa imekwisha. Baba mdogo alikuja, akapitisha kiganja juu ya madigadi, akachuchumaa, akatazama kwa tochi ya simu.

"Safi," akasema. "Lifunikwe, asiliguse mtu mpaka Jumamosi." Akaondoka kabla sijaleta chai.

Najua kwamba baba mdogo ameieleza polisi hivyo hivyo, kwamba Jumanne jioni gari halikuwa na mkwaruzo. Ni kweli. Ndiyo maana rangi mbichi iliyokutwa mahali pale Ijumaa, watu walipokuja kulitazama gari, imeonekana kuwa ushahidi. Inasemwa kwamba kama kazi ilikwisha Jumanne, basi rangi ya Alhamisi ilifunika jeraha jipya. Nimeambiwa pia kwamba Flavian, alipoulizwa kwa nini alirudia kazi iliyokwisha, alijibu, "Sikuridhika nayo," na hakuongeza neno.

Hilo si kweli. Yeye aliridhika. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Jumanne ile, baba mdogo alipokwisha kuondoka, Flavian alikuwa anafunga makopo yake. Uani kulikuwa kimya. Nilikuwa nimeshika vikombe viwili vya chai. Nikasema:

"Fundi, mimi bado nauona."

Akaja akainama. "Wapi?"

"Hapo."

"Hapo hakuna kitu, mwalimu."

"Ukisimama huku nilipo, unaonekana."

Akaja akasimama nilipokuwa nimesimama. Alitazama madigadi muda mrefu. Kisha alinitazama mimi, kisha vile vikombe. Akasema, "Kweli. Nitarudi kesho."

Koplo Hellena ameniuliza: mkwaruzo ulikuwa unaonekana au haukuonekana? Haukuonekana. Rangi ilifanana tangu Jumanne. Ameuliza kwa nini basi nilisema vile. Nimejibu kwamba nilitaka arudi.

Ameniuliza, kwa haki kabisa, kama kuna uhusiano kati yangu na Flavian. Hakuna. Ana mchumba anaitwa Sharon, yuko Kaoze, na ndoa yao itafungwa kanisani mwezi wa Agosti. Alinieleza siku ya kwanza, kabla sijauliza. Sikumtaka awe mume wangu, wala hakunigusa, wala hakuingia ndani ya nyumba. Chai alinywea kwenye ngazi ya jiko. Nilitaka kusikia mtu uani. Nilitaka mlio wa msasa, na kopo likifunguliwa, na mtu akiniuliza kama kuna maji. Nilikuwa nikipika kwa sufuria dogo kuliko yote, na siku zile nilichukua la kati. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Nimejaribu kulieleza kisomi na halikukaa.

Na lipo jambo la pili, ambalo siwezi kulitenganisha na la kwanza. Ule mkwaruzo ulipofutika, niligundua kwamba hapakubaki mahali popote palipoonyesha kwamba baba alipita pale akienda. Kwa hiyo niliposema bado nauona, sehemu yangu moja ilikuwa inauona.

Jumatano tarehe 11, Flavian alikuja saa tatu. Aliliamkia gari, nikaitikia. Akasugua kazi yake yote mwenyewe mpaka chuma kikaonekana tena. Alifanya bila manung'uniko. Mchana alikula wali na maharage. Alinisimulia jinsi Kaoze kulivyo na joto, kwamba kila akipanda kuja huku juu hupiga chafya kama mbuzi aliyepakwa pilipili. Nilimsimulia juu ya wanafunzi wangu. Upepo ulianza mapema siku hiyo, hakudondosha rangi. Akasema itabidi iwe kesho.

Alhamisi tarehe 12 ndiyo siku inayohusika.

Saa sita mchana Flavian aliliwasha gari, akalitoa nje ya geti mpaka katikati ya barabara ya mtaa, ili aione rangi ya chini kwenye jua lisilo na kivuli cha banda. Alilizima, akalitazama, akalirudisha. Haikuzidi robo saa. Jirani yetu, mama Bertilla, alikuwa kibarazani kwake na alimwona akiwa kwenye usukani. Amesema hivyo na amesema kweli. Baada ya hapo gari halikutoka tena.

Kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, Flavian alikuwa uani kwetu. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani na ufunguo ulikuwa kwangu. Saa nane alianza kudondosha rangi. Saa tisa na nusu alianza kusugua. Adhana ya alasiri ilipoanza, aliacha kuimba. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Nikaingia chumbani kuswali, dirisha likiwa wazi. Hiyo ilikuwa saa kumi na robo, ndio wakati ambao Yonas aligongwa. Nilisikia msasa juu ya madigadi wakati wote wa sala, ukienda na kurudi. Ninajua kwa hakika kwa sababu sala yangu niliiharibu. Nilikuwa namsikiliza yeye.

Nilipotoka, alikuwa palepale alipokuwa.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa jikoni. Flavian aliita kwa sauti kubwa, kwa furaha: "Nimeuua! Mwalimu, njoo! Nimeuua kabisa! Hata mwenyewe akija hatajua ulikuwa wapi!"

Mama Bertilla alikuwa ng'ambo ya ukuta anaanua nguo. Alisikia "Nimeua." Alisikia kwamba hata mwenyewe hatajua. Jioni hiyo hiyo aliletewa habari kwamba Yonas amegongwa na gari jeupe, na Yonas ni mtoto wa kaka yake. Sioni jinsi ambavyo angesikia kitu kingine. Hata mimi ningesikia hivyo.

Koplo ameniomba nieleze tofauti kwa maandishi, nami nimeandika maneno yote mawili kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Nimeua ni kuua tu, bila kutaja kilichouawa. Nimeuua ina u mbili, na ile ya kwanza inasimama badala ya mkwaruzo. Angekuwa ameua mtu na anamtaja, angesema nimemuua. Mdomoni, u mbili na u moja hazitengani, hasa kwa mtu anayepiga kelele kwa furaha na mwingine yuko nyuma ya ukuta. Mwenye maneno yale alikuwa anazungumza na mtu aliyejua anachozungumzia. Mtu huyo ni mimi, na hakuna mwingine.

Naeleza pia nilichojibu, kwa kuwa mama Bertilla alikwisha kuingia ndani na hakusikia. Nilitoka, nikatazama, nikasema: "Haujafa huo. Bado unapumua."

Kisha nikacheka. Flavian naye akacheka. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapangusa mikono kwa tambara.

"Mwalimu," akasema, "kesho naenda Kaoze. Mimi na Sharon tunaonana na padri. Sitaweza kuja."

Nikageukia tena madigadi.

"Umekufa kweli huo," akasema. "Ulikufa juzi."

"Najua," nikasema.

"Najua kwamba unajua."

"Sasa kwa nini ulirudia?"

"Uliniambia unauona," akasema. Akainuka, akakusanya vitu vyake. Getini alinishukuru kwa chakula, akasema nimsalimie mzee Abuu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nilifunga geti, na sikumwona tena mpaka leo asubuhi, alipopitishwa hapa kwenye korido akiwa na askari wawili. Hakunitazama. Nadhani alidhani kwamba akinitazama ataniletea maneno.

Ijumaa watu walikuja na mama Bertilla kulitazama gari, wakakuta rangi bado inanuka. Jumamosi gari lililetwa hapa kituoni, na mnunuzi, aliyekuwa amefika Laela akija kulichukua, aligeuza akarudi Mbeya. Jumapili Flavian alirudi kutoka Kaoze akakamatwa stendi.

Jana hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, baba mdogo alikuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia akiwa bado amesimama. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa, isipokuwa la jeneza. Alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya na sitaki maelezo haya yamwonyeshe hivyo. Alihangaika sana alipokuwa anamuuguza kaka yake pamoja nami.

"Wewe ulikuwa ndani," akaniambia. "Hukuona, hukusikia. Basi."

"Baba, mtu atafungwa."

"Ana kanisa lake, ana ndugu zake. Wewe una nini? Una jina la baba yako. Unataka likasomwe mahakamani, kwamba binti ya Abdulnasir alikuwa anamzuia fundi Mkristo uani siku nne, milango imefungwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sikuulizi ilivyokuwa!" akasema. Halafu akashusha sauti. "Mwasiti, mwanangu. Nani atakuja kukuposa?"

Nilimwambia kwamba tangu Machi hakuna aliyekuja hata kuazima chumvi. Alikasirika. Alisema nikija hapa nisimhesabu kuwa baba yangu mdogo, na kwamba nyumba itapangishwa mwezi ujao, nitafute pa kukaa.

Leo asubuhi nilipotoka, nilipita kwa mama Bertilla kwanza. Kuna matanga. Nilimkuta kwenye mkeka pamoja na ndugu waliotoka Laela.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Ahsante." Alininyooshea mkono, nikakaa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwasiti, mimi nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia, mama. Alisema. Alikuwa anazungumza juu ya mkwaruzo. Ni herufi moja tu imepungua."

"Herufi." Alitikisa kichwa. "Yonas wangu yuko ndani ya sanduku, unaniletea herufi?"

Nilimwambia kwamba aliyemuua Yonas bado yuko barabarani, na kwamba Flavian akifungwa hakuna atakayemtafuta tena. Mmoja wa ndugu akaniuliza kwa ukali, "Na wewe ulikuwa unafanya nini uani na huyo mwanamume?" Mama Bertilla akamwambia, "Mwache." Kisha akaniambia, "Nenda kaseme unachokijua. Mimi nimesema changu." Nikaja.

Koplo Hellena amenisomea mpaka hapa. Ameniambia kwa upole kwamba ingetosha kuandika kuwa fundi aliombwa kurudia kazi na watu wa nyumba hiyo, bila kueleza kwa nini, na kwamba yeye mwenyewe ni mwanamke na anaelewa. Nimemshukuru. Lakini wakili yeyote atauliza kwa nini kazi iliyokwisha na kukubaliwa ilirudiwa, na kama sababu haimo humu, ataiweka sababu yake. Yule bwana yuko mahabusu kwa sababu hakutaka kuisema. Kwa hiyo naisema mimi, na ibaki ilivyo: gari halikutoka, mkwaruzo haukuwepo, na nilidanganya kwamba naona kitu ili mtu asiondoke.

Sijui ni nani aliyemgonga Yonas. Ninachojua ni mahali Flavian alipokuwa saa ile, kwa sababu katika mji huu mzima hakuna mtu mwingine niliyekuwa najua yuko wapi.

Nimeyasema haya kwa akili zangu timamu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Nimesomewa, nimeyasoma tena mwenyewe, nimesahihisha herufi mahali pawili, na niko tayari kuyarudia mbele ya hakimu.

Sahihi ya shahidi: Mwasiti Abdulnasir

MAELEZO YA AFISA

Mimi WP Koplo Hellena nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa kwa mdomo wake, kwa Kiswahili. Shahidi alikuwa mtulivu. Alishauriwa mara mbili kuhusu sehemu inayomhusu yeye binafsi, akakataa ipunguzwe. Karatasi yenye maneno mawili aliyoyaandika imeambatanishwa. Maelezo yamepelekwa kwa mkuu wa upelelezi leo hii ili tuhuma dhidi ya fundi ziangaliwe upya na gari lingine litafutwe.

Shahidi aliombwa namba ya simu ya ndugu au jirani atakayepokea wito wake wa mahakamani asipopatikana. Alitoa namba yake mwenyewe. Aliambiwa inatakiwa ya mtu mwingine. Akaitoa hiyo hiyo tena.

Yamekamilika saa saba na dakika ishirini mchana.